Kulinganisha na Kulingana: Uhakiki wa Maelezo ya Amplifaya ya Matendo

Makala haya yahusu sentensi mbili. Ya kwanza yasema kwamba volti za maingizo mawili ya amplifaya ya operesheni ni sawa. Ya pili yasema kwamba maingizo hayo hayapitishi mkondo wowote wa umeme. Kila aliyepata kufunzwa misingi ya elektroniki amekutana nazo, maana ndizo ufunguo apewao mwanafunzi wa kukokotolea saketi nyingi kwa hesabu nyepesi. Zilipata umaarufu hasa kwa kitabu cha Paul Horowitz na Winfield Hill, The Art of Electronics, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1980, ambamo zilipewa heshima ya kuitwa kanuni za dhahabu. Waandishi wale wawili waliziandika kwa hadhari. Lakini kanuni, kama methali, hupunguka maneno kila ipitapo vinywani mwa watu, na umbo lililofika katika madaftari ya wanafunzi ndilo hilo nililolitaja: fupi, lenye kukaririka, na lenye kasoro.

Sikusudii kuwafundisha wahandisi kazi yao. Nakusudia kuzihakiki sentensi hizi kama tuhakikivyo sentensi nyingine: nani mtenda, nani mtendwa, kitenzi ki katika kauli gani, na sharti limewekwa wapi. Husemwa mara nyingi kwamba Kiswahili hakiwezi kuibeba sayansi kwa sababu ya uhaba wa istilahi, nasi watu wa lugha tumezoea kujibu kwa kutunga orodha za maneno. Orodha ni kazi njema, wala sina neno nayo. Walakini mwanafunzi haelewi jambo kwa orodha. Huelewa kwa sentensi. Katika jambo hili nitaonyesha kwamba hata tukiwa na istilahi zote, sentensi mbovu itampotosha mwanafunzi katika lugha yoyote ile, na kwamba Kiswahili kina nyenzo za kuitengeneza ambazo hatujazitumia.

Yafaa kwanza tukieleze chombo chenyewe. Amplifaya, kama mafundi wa redio waijuavyo siku zote, hupokea badiliko dogo la umeme na kutoa badiliko kubwa lifananalo nalo. Hii tunayoizungumzia ina maingizo mawili na tokeo moja, na kinachokuzwa ni tofauti ya volti baina ya maingizo hayo mawili. Mfano mashuhuri ni ile iitwayo 741, iliyobuniwa na Dave Fullagar wa kampuni ya Fairchild mwaka 1968, kipande cha silikoni chenye miguu minane ambacho hata leo chauzwa kwa bei ndogo. Ukuzaji wake kwa kawaida ni kama mara 200,000. Hulishwa umeme wa volti 15 upande wa juu wa sifuri na volti 15 upande wa chini. Sasa na tufanye hesabu. Tukiyapa maingizo tofauti ya milivolti moja tu, yaani sehemu moja ya elfu ya volti, tokeo lingepaswa kupanda hadi volti 200. Litazitoa wapi? Hupanda mpaka karibu na volti 14, likagota hapo kama mtu aliyegonga dari. Basi chombo hiki kikiachwa peke yake hakifai kukuza kitu cho chote cha haja. Kinachoweza kutuambia ni ingizo lipi limezidi lingine, basi.

Hapa ndipo jina linapoanza kutuletea shida. Tumezoea kusema kikuza sauti, na ni neno zuri kwa chombo kinachokuza sauti. Lakini atakayeiita hii kikuza, na kuishia hapo, atakuwa ametaja sifa ambayo mwenye kuitumia huitoa karibu yote kafara. Sababu yake ni ya kihistoria, nayo yahitaji kuelezwa kwa urefu kidogo.

Katika miaka ya 1920 kampuni za simu za Marekani zilitaka kupeleka sauti kutoka pwani moja ya nchi hadi nyingine. Kila baada ya masafa fulani ilibidi kuweka amplifaya ya valvu, na kila amplifaya iliiharibu sauti kidogo. Zikifuatana nyingi, uharibifu ulijumlika hata maneno yasisikike sawasawa. Harold Black, mhandisi kijana wa maabara za Bell, alihangaika na tatizo hilo miaka kadhaa. Tarehe 2 Agosti 1927, akiwa ndani ya kivuko akivuka mto Hudson kwenda kazini Manhattan, alipata jawabu, akaliandika juu ya ukurasa wa gazeti la New York Times alilokuwa nalo. Jawabu lilikuwa hili: tengeneza amplifaya yenye ukuzaji mwingi kupita haja, kisha chukua sehemu ya tokeo uirudishe mwanzoni kinyumenyume ili ipingane na kilichoingia. Ukuzaji utapungua sana, na makosa yatapungua vivyo hivyo. Maombi yake ya hati ya haki ya uvumbuzi yalipelekwa mwaka 1928 na kukubaliwa mwaka 1937. Haikuwa rahisi kumsadikisha mtu kwamba faida hupatikana kwa kutupa kile kile ulichokigharimia.

Kwa mfano, tuchukue 741 na kulirudishia ingizo lake moja sehemu moja ya kumi ya tokeo. Hesabu yatoa ukuzaji wa mara 9.9995. Tuseme kwa joto au uzee chombo kimepoteza nusu nzima ya nguvu zake, kikabaki na ukuzaji wa mara 100,000. Ukuzaji wa saketi utakuwa mara 9.9990. Nusu ya nguvu imepotea, na matokeo yamebadilika kwa sehemu 5 katika 100,000! Nani ameamua kuwa jibu liwe karibu na kumi? Rezista mbili zilizokigawa kile kilichorudishwa, ambazo ni vitu vya bei ya pipi. Amplifaya imetoa nguvu. Rezista zimetoa sheria. Mwalimu asiyelisema hili mwanzoni, akaanza na sifa za ukuzaji mkubwa, ameanza hadithi kwa mhusika asiye mkuu.

Jina la operesheni nalo lilikuja baadaye. Mwaka 1941 Karl Swartzel, naye wa maabara za Bell, alikuwa amebuni amplifaya ya kujumlishia, yenye ingizo moja tu, na amplifaya za namna hiyo zilitumika vitani katika mitambo ya kulenga mizinga iliyotungua ndege. Mwaka 1947 John Ragazzini wa Chuo Kikuu cha Columbia, pamoja na Robert Randall na Frederick Russell, walichapisha makala juu ya kuyatatua matatizo ya mwendo kwa saketi za elektroniki, nao ndio walioipa amplifaya hii jina lake. Waliipa jina kwa kazi ifanyayo, wala hawakutazama imetengenezwa kwa nini: ikizungushiwa rezista na kapasita zifaazo, hujumlisha, hutoa, huzidisha kwa namba isiyobadilika, hulimbikiza kadiri muda upitavyo, na hutafuta kasi ya badiliko. Haya ni matendo ya hisabati, kwa maana ile ile ambayo mtoto wa darasa la pili hufunzwa matendo ya namba.

Tazama basi linalotokea tulipochukua sauti ya neno na kuiacha maana yake. Operesheni kwa msemaji wa Kiswahili ni kupasuliwa hospitalini, au ni msako wa serikali na jeshi la polisi, au kampeni kama ile ya kuwahamishia watu vijijini iliyofanyika Tanzania katika miaka ya 1970. Hakuna hata moja ya maana hizi inayomwelekeza mwanafunzi kwenye hisabati. Neno lilikuwapo tayari, tena la shule ya msingi. Kwa hiyo mimi nitasema amplifaya ya matendo, na naomba wenye kamusi walifikirie. Amplifaya sina haja ya kuigusa. Fundi wa Kariakoo na wa Mombasa wote wanaijua, na neno lililokwisha kuota mizizi halifai kung'olewa kwa sababu ya usafi tu.

Lingine la kutazamwa ni mrejesho hasi, ambalo ndilo jina la ile hila ya Black. Mrejesho ni neno lililotunzwa vizuri. Lakini siku hizi limeingia sana maofisini, na mtu akiambiwa amepata mrejesho hasi hufahamu kwamba kazi yake haikupendeza. Mrejesho chanya ni kusifiwa. Katika elektroniki thamani hizi hugeuka juu chini. Mrejesho chanya kila mtu ameusikia arusini: mwimbaji asogeza maikrofoni mbele ya spika, sauti itokayo kwenye spika yaingia tena kwenye maikrofoni, yakuzwa, yatoka, yaingia tena, na punde mluzi mkali wawafanya wageni wazibe masikio. Mrejesho hasi ndio utuao. Ningependa wa kwanza uitwe mrejesho chochezi, kwa kuwa wachochea kama moto uchochewavyo, na wa pili uitwe mrejesho kinzani. Iwapo wanahisabati watadai hasi na chanya zibaki, sitagombana nao, mradi mwalimu aeleze siku ya kwanza kwamba hasi hapa ni alama ya hesabu na si lawama. Nitaongeza jambo moja la wenye lugha. Kitenzi kurudi kina maana mbili za kale: kuja tena ulikotoka, na kumrekebisha mtu, kama tusemavyo kumrudi mtoto. Kile kinachorudi katika saketi ya Black hurudi kwa maana zote mbili.

Sasa tuirudie sentensi ya kwanza: volti za maingizo mawili ni sawa. Kosa lake ni kwamba yaeleza hali bila kumtaja aliyeileta. Kitenzi ni kishirikishi, hakina mtenda, hakina wakati, hakina sharti. Mwanafunzi husoma na kudhani kwamba usawa huo ni tabia ya chombo, kama vile weupe ulivyo tabia ya chumvi. Kwamba ndani ya kile kipande cha silikoni kuna kitu kinachoyafunga maingizo mawili pamoja. Hakuna. Maingizo hayafanyi lolote. Anayefanya ni tokeo, tena kwa kupitia njia ya mrejesho iliyo nje ya chombo, ambayo ametengeneza mtu.

Madhara yake si ya nadharia. Chukua saketi ya kawaida ya kugeuza: volti iingiayo hupita katika rezista ya omu 1,000 hadi ingizo lenye alama ya kutoa, rezista ya omu 10,000 yatoka kwenye tokeo hadi hapo hapo, ingizo lenye alama ya kujumlisha limeunganishwa na ardhi, au ethi kama wasemavyo mafundi. Ukitumia kanuni ya usawa utapata kwamba tokeo ni mara kumi ya kilichoingia, kwa upande wa pili wa sifuri. Ingiza nusu ya volti, utapata volti 5 chini ya sifuri, na mita itakubaliana nawe. Sasa badilisha nafasi za maingizo mawili, kosa ambalo mikono ya wanaoanza hulifanya kila siku. Kanuni ya usawa, kwa kuwa haijui upande wa kujumlisha wala wa kutoa, itakupa jibu lile lile: volti 5 chini ya sifuri. Lakini mita itaonyesha volti 14 juu, au volti 14 chini, kwa kutegemea tokeo lilikuwa upande gani kabla ya hapo. Mrejesho umekuwa chochezi. Badiliko dogo lajisukuma lenyewe mpaka tokeo ligote. Mwanafunzi aliyekariri ataangalia daftari, ataangalia mita, na atahitimisha kwamba chombo kimeungua. Saketi mbili tofauti kabisa, moja ya kukuza na moja ya kunasa, zimepewa sentensi moja, na sentensi haikuweza kuzitenganisha. Sentensi isiyoweza kutenganisha kweli na kisicho kweli ina ila, hata kama ni fupi na tamu.

Hapa ndipo Kiswahili chaweza kusaidia, na jambo lenyewe limo katika mnyambuliko wa kitenzi kimoja. Volti mbili zaweza kulingana: hiyo ni hali. Zaweza kulinganishwa: hapo pana mtenda. Na kitenzi hicho cha kutendesha, kulinganisha, kina maana mbili ambazo kamusi zetu huziweka pamoja bila kushangaa. Ya kwanza ni kuvitazama vitu viwili ili kujua tofauti yake. Ya pili ni kuvifanya viwe sawa. Msemaji hutofautisha maana hizi kwa muktadha tu. Nami nasema kwamba amplifaya ya matendo, tangu mwanzo hadi mwisho, ni kupita kutoka maana ya kwanza hadi ya pili. Bila mrejesho, hulinganisha maingizo kwa maana ya kuyapima: hutangaza lipi limezidi, na kugota. Ikiwa na mrejesho kinzani, ule ule upimaji wa tofauti hulisukuma tokeo, tokeo husogeza ingizo, na tofauti hupungua. Hulinganisha kwa maana ya kusawazisha. Haikubadilika chombo. Umeongezwa waya mmoja, na kitenzi kimehama maana.

Sijui lugha nyingine ninayoisoma ambayo yalipa somo hili neno la bahati namna hii. Lakini bahati yenye maana mbili ni hatari pia, na mwalimu asiyeangalia atawachanganya wanafunzi kwa neno lile lile. Nashauri kulinganisha kuachiwe maana ya kupima, na kusawazisha kutumike kwa maana ya pili, baada ya mwanafunzi kuonyeshwa mara moja kwamba zote mbili zatoka katika kitendo kimoja.

Kwa watu wa fonetiki kuna lingine la kufurahisha. Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya udaktari nilitumia miezi mingi katika maabara, ambamo kifaa cha kupimia mkondo wa pumzi kilitoa umeme wa milivolti chache tu kila mtu alipotamka. Kwa chombo kama hicho mtu aweza kuona waziwazi jinsi wazee wa pwani wanavyoitenga p ya paa la nyumba na ile yenye pumzi ya paa wa porini. Nyaya mbili zilitoka kwenye kifaa, na zote mbili zilikuwa zimebeba mvumo wa umeme wa mji, mizunguko 50 kwa sekunde, mkubwa kuliko pumzi yenyewe. Amplifaya ilikuza tofauti ya nyaya hizo. Mvumo, kwa kuwa ulikuwa sawa pande zote mbili, haukuhesabika. Mwanafonolojia hahitaji kufafanuliwa zaidi: yale yaliyo sawa katika jozi ya maneno hayasemi kitu, na maana hubebwa na pale yanapotofautiana.

Sentensi ya pili, kwamba maingizo hayapitishi mkondo, ina ila ndogo zaidi, nayo ni ya neno moja. Hakuna mkondo, twasema. Uko, ni haba. Katika 741 ni kama nanoampea 80 kwa kawaida, yaani sehemu 80 katika milioni elfu moja za ampea. Upitapo katika rezista ya omu 1,000 huleta volti isiyoonekana kwa mita ya kawaida. Upitapo katika rezista ya omu milioni moja huleta milivolti 80, ambazo zikikuzwa mara kumi ni karibu volti nzima iliyotoka pasipo mtu kuingiza kitu. Kiswahili kinatenga hakuna na haba, kinatenga kutokuwapo na kutohesabika. Kwa nini basi tuazime kukanusha kwa jumla pale ambapo twahitaji kukanusha kwa kiasi? Na tuseme kwamba mkondo wa maingizo ni mdogo hata waweza kutohesabiwa, iwapo rezista si kubwa mno. Maneno yameongezeka, na ukweli nao.

Kutokana na kanuni hizi mbili huzaliwa ile dhana inayowasumbua wanafunzi kupita zote. Katika saketi ya kugeuza niliyoieleza, ingizo lenye alama ya kutoa hukaa kwenye volti sifuri, kama kwamba limeunganishwa na ardhi, hali halikuunganishwa nayo. Nimesikia likiitwa ardhi bandia, na mahali pengine ardhi dhahania. Bandia ni kitu cha kudanganyia, na dhahania ni kitu kilichomo akilini tu. Volti hii haidanganyi mtu, na mita huipima. Naleta neno kaimu. Ardhi kaimu hushika mahali pa ardhi na kutenda kazi yake maadamu aliyeituma yupo. Tokeo likigota, au waya wa mrejesho ukikatika, ukaimu wake umekwisha saa ile ile. Tena kaimu hana ruhusa zote za mwenye cheo: ardhi ya kweli hupokea mkondo wowote ujao, lakini ardhi kaimu haipokei kitu, huusukuma mkondo wote uendelee kupitia rezista ya mrejesho. Ana kiti, hana funguo za hazina. Na ni kwa sababu hiyo hiyo kwamba jumla hupatikana. Ukileta mikondo mitatu kwenye ardhi kaimu, yote mitatu hulazimika kupita pamoja katika rezista moja, na tokeo huwa jumla yake. Ukiweka kapasita mahali pa rezista ile, mikondo hujilimbikiza humo, na hapo pana lile tendo la ulimbikizi ambalo watu wa 1947 walilihitaji kwa kukokotolea mwendo wa vitu.

Itafaa nionyeshe maelezo ninayoyapendekeza, maana ni rahisi kukosoa. Ningesema hivi: Tofauti ya volti baina ya maingizo mawili hulisukuma tokeo kwa nguvu nyingi. Sehemu ya tokeo ikirudishwa kwenye ingizo geuzi, tokeo huendelea kusogea mpaka tofauti hiyo ibaki ndogo sana, kisha hutulia. Iwapo tokeo halina nafasi ya kusogea tena, au sehemu hiyo imerudishwa kwenye ingizo fuasi, usawa huo haupatikani.

Maelezo haya ni marefu kuliko kanuni ya dhahabu, na kuna watakaosema kwamba yamepoteza utamu wake. Nakubali kuhusu utamu. Lakini yana mtenda, nalo ni tokeo. Yana sharti, tena limetajwa kwa -ki- na kwa iwapo, mahali ambapo msikilizaji hulitarajia. Na yana mpaka. Neno mpaka lilihitajika kwa sababu kiambishi hu- peke yake hakina saa wala dakika. Ukisema tokeo husawazisha, msikilizaji hujiona kama usawa upo daima. Tokeo la 741 haliwezi kusogea kwa kasi zaidi ya nusu volti hivi katika kila sehemu moja ya milioni ya sekunde. Likitakiwa kuruka volti 10 litachukua maikrosekunde 20, na katika muda huo wote maingizo hayalingani. Kwa sauti ya mtu si kitu. Kwa mawimbi ya redio ni umri mzima. Nimeandika pia kwamba tofauti hubaki ndogo sana, sikuandika kwamba huisha. Ingeisha kabisa, kusingekuwa na cha kulisukuma tokeo. Tokeo la volti 10 katika 741 lahitaji tofauti ya maikrovolti 50 ili lisimame hapo lilipo.

Nimetumia ingizo geuzi na ingizo fuasi pale ambapo wengi husema ingizo hasi na ingizo chanya. Alama za kutoa na kujumlisha zilizochorwa kwenye pembetatu ya amplifaya hazielezi ni volti ya namna gani iingizwe. Zaeleza tokeo litaelekea upande gani. Ingizo moja likipanda, tokeo hushuka. Jingine likipanda, tokeo hulifuata. Hasi na chanya humfanya mwanafunzi aogope kuipeleka volti iliyo juu ya sifuri kwenye mguu wenye alama ya kutoa, kana kwamba kitalipuka kitu.

Limebaki la mchoro. Katika 741 mguu wa 2 ni ingizo geuzi, wa 3 ni ingizo fuasi, na wa 6 ni tokeo. Hiyo ndiyo miguu ichorwayo vitabuni. Mguu wa 7 na wa 4, ambayo huingiza umeme wa juu na wa chini, mara nyingi huachwa nje ili mchoro uwe safi, na mwanafunzi huona tokeo likitoa nguvu ambayo haikuingia popote. Swali lake la kwanza, akiwa ni mwerevu, ni nguvu hiyo imetoka wapi. Nami naona lijibiwe kwa kuichora miguu hiyo miwili katika kila mchoro wa mwezi wa kwanza, hata kama karatasi itachafuka.